Maabara si Jengo Peke Yake

Maneno yaliyotolewa na mweka hazina kwa niaba ya kamati ya fedha, katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani

 

Sisi wa kamati ya fedha tumezoea kupewa dakika tano za mwisho, wakati pilau imeanza kunukia. Tunasoma mapato na matumizi, watu wanapiga makofi, tunakwenda kula. Mwaka huu Mwenyekiti ametupa nafasi ndefu zaidi. Tunachangia maabara ya kemia ya sekondari yetu ya kata, naye amesema kwamba anayeomba fedha asimame mwenyewe aeleze zinakwenda wapi. Tumekubali. Ila tunaomba radhi mapema: sisi ni wahasibu, si wakemia. Na sababu ya sisi kuwa wahasibu ndiyo hadithi ya kwanza tutakayowapa.

Tulivyosoma kemia bila kuiona

Tuliomaliza kidato cha nne mwishoni mwa miaka ya 1990 tunakumbuka hali ilivyokuwa. Shule yetu ya kutwa ilikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, ubao mmoja na vitabu vitatu vya kemia kwa darasa zima. Darasa la saba tulikuwa tumemaliza kwa Kiswahili. Tulipofika kidato cha kwanza, kila kitu kikageuka Kiingereza kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kemia ilitujia na kuta mbili: hatukuielewa lugha yake vizuri, na hatukuviona vitu vyake kabisa.

Tulifanyaje? Tulikariri. Tulijua kwamba fenolfthalini ni ya waridi kwenye besi na haina rangi kwenye asidi. Tulijua kwamba methili oranji ni ya njano kwenye besi na nyekundu kwenye asidi. Tulijua kwamba shaba ikiwekwa motoni hutoa mwali wa kijani. Hakuna hata kimoja tulichokuwa tumekiona. Ilikuwa kama mtu aliyekariri majina ya vituo vyote vya basi kutoka Dar es Salaam hadi Singida bila kupanda basi hata siku moja.

Na mtihani wenyewe uliturahisishia njia hiyo. Siku zile shule isiyokuwa na maabara ilifanya karatasi ya mbadala wa vitendo. Unachorewa picha ya bureti, unapewa jedwali la majibu ya jaribio lililofanywa na mtu mwingine, nawe unakokotoa. Mkono hauguswi na tone la asidi. Tulifaulu kwa namna hiyo, na watatu kati yetu tukachaguliwa kwenda kidato cha tano, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, katika shule ya mbali iliyokuwa na maabara kamili. Nyumbani wazee walichinja kuku. Wengine walishaanza kutuita madaktari.

Wiki ya pili tukaingia maabara. Mwalimu akasema tufanye titresheni, yaani tuitone asidi kutoka kwenye bureti mpaka iimalize nguvu besi iliyoko kwenye chupa, kisha tusome ni asidi kiasi gani imetumika. Kanuni yake tuliijua kama sala. Lakini bureti hatukuwahi kuishika. Ni mrija mrefu wa kioo wenye bomba dogo chini, na alama zake huanza na sifuri juu na kuishia 50 chini. Sisi tuliisoma kama mtu anavyosoma ndoo ya maji: kutoka chini kwenda juu, tukitazama kilichobaki. Wenzetu waliandika 22 na nukta zake. Sisi tukaandika 27 na nukta zake. Mwalimu alipozunguka kwenye meza yetu akatazama daftari, akatazama bureti, akauliza kwa sauti ya kusikika darasa zima ni shule gani iliyotufundisha.

Leo, baada ya miaka mingi katika vitabu vya hesabu, tunaweza kusema kosa letu kwa lugha ya kazi yetu: bureti husoma matumizi, si salio. Sisi tuliandika salio. Ni kosa dogo ambalo mtoto aliyeshika bureti mara mbili hawezi kulifanya. Lakini kwetu halikuwa dogo. Lilitufundisha kwamba tulichokuwa nacho vichwani hakikuwa na mikono. Hadi muhula wa pili, wawili kati yetu tulikuwa tumeomba kuhamia ECA: Uchumi, Biashara na Uhasibu. Mmoja alikaza, akabaki akiosha vyombo vya maabara jioni ili apate nafasi ya kurudia majaribio. Leo ni mfamasia. Hatusemi uhasibu ni kazi mbaya, umetusomeshea watoto. Tunasema tu kwamba hatukuuchagua. Tuliukimbilia.

Nadharia na vitendo si mahasimu

Wapo wanaosikia hadithi hii wakadhani tunadharau nadharia. La hasha. Nadharia ndiyo inayokuambia unachokitafuta. Mtu asiye na nadharia akiingia maabara anacheza na rangi tu.

Na kwa mhasibu, nadharia ya kemia ina ladha ya nyumbani. Ukiandika mlinganyo wa kikemikali, kilicho upande wa kushoto lazima kilingane na kilicho upande wa kulia. Atomu haipotei wala haizuki. Kama kushoto zimeingia nne za haidrojeni, kulia zitoke nne. Hiyo ni mizania. Aliyeliweka jambo hili sawasawa ni Mfaransa Antoine Lavoisier, katika karne ya 18. Lavoisier hakuwa mkemia kwa ajira. Riziki yake ilitoka katika kampuni ya watoza kodi wa mfalme, na ndiyo iliyomponza akanyongwa kwa gilotini mwaka 1794 wakati wa mapinduzi. Mtu wa hesabu alipoingia maabara alifanya kile anachofanya mtu wa hesabu: alipima kila kilichoingia na kila kilichotoka, hata hewa, kwenye mizani. Kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789 kiliubadilisha ulimwengu. Tazameni basi: kanuni kubwa ya nadharia ilizaliwa mezani, kwenye mizani, na mtu aliyekuwa na subira ya kupima.

Miaka 35 baadaye, mwaka 1824, kijana wa Kijerumani aitwaye Justus von Liebig aliajiriwa kufundisha kemia katika chuo kidogo cha Giessen. Kabla yake wanafunzi wengi walikaa wakimtazama mwalimu akifanya majaribio mbele. Liebig aliwaingiza wanafunzi wenyewe maabara, kila mmoja na kazi yake, kila mmoja na matokeo yake. Chuo kile kidogo kikavuta wanafunzi kutoka nchi nyingi. Hakikuwa na majengo makubwa kuliko vingine. Kilikuwa na utaratibu wa mikono ya mwanafunzi kugusa kitu.

Kemia ipo nyumbani tayari

Ndugu zetu, tusidhani kemia ni kitu cha kupeleka nyumbani kutoka Dar es Salaam. Kemia ipo Singida, mama zetu wanaitumia kila siku. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtoto ataunganisha anachokiona jikoni na anachokiandika darasani.

Chukueni magadi. Nani hapa hajala mlenda wa magadi? Magadi ni besi. Ukiyakamulia ndimu, yanatoa povu kwa sababu asidi ya ndimu inafukuza hewa ya ukaa iliyomo. Somo zima la asidi, besi na chumvi liko ndani ya bakuli hilo. Chukueni kitunguu chekundu, kile kinachopanda malori kwenda mikoani. Chemsha maganda yake, utapata maji yenye rangi. Tia ndimu, yatakuwa mekundu zaidi. Tia magadi, yatageuka kijani. Hicho ni kiashiria cha asidi na besi kilichoota shambani kwetu. Mtoto akiona hivyo kwa macho yake, neno la Kiingereza litakuja baadaye na litapata mahali pa kukaa.

Chukueni alizeti. Mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa mafuta ya alizeti, na mashine za kukamua ziko karibu kila mji. Lakini kuna mafuta yanayodumu na kuna mafuta yanayochacha upesi, na tofauti mojawapo ni kiasi cha asidi huru iliyomo. Mbegu iliyonyeshewa au iliyokaa vibaya ghalani hutoa mafuta yenye asidi nyingi. Unaipimaje? Unapima uzito wa mafuta, unayachanganya na spiriti ya moto, unatia matone machache ya fenolfthalini, kisha unatona soda kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi itokee na kukaa. Mmesikia? Ni titresheni. Ni jaribio lile lile la kidato cha nne, bureti ile ile iliyotuaibisha sisi. Mwenye kiwanda akijua asidi ya mafuta yake anajua soda kiasi gani inahitajika kuyasafisha. Akizidisha, sehemu ya mafuta yake inageuka sabuni na inakwenda na maji. Akipunguza, mafuta yanachacha dukani. Kila mwaka tunasafirisha mafuta ghafi na kununua yaliyosafishwa. Tofauti ya bei hiyo ni ujira wa mtu anayejua kusoma bureti.

Chukueni maji. Hapa tuseme kwa upole, kwa sababu baadhi yetu tukicheka mtu anajua tumetoka wapi. Meno yenye rangi ya kahawia si uchafu wala si ukoo. Miamba yetu ya matale, ile mizuri inayopigwa picha na wageni, ina madini yenye floridi. Maji ya chini yanapopita humo huyeyusha floridi na kuja nayo kisimani. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vinazidi hapo. Ikizidi, huharibu meno ya watoto yakiwa bado yanaota, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa tuchemshe maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, na tuendelee kuchemsha. Lakini floridi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo kila lita iliyosalia ina floridi zaidi kuliko mwanzo. Kinachoweza kuiondoa ni kitu kama mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kwa joto sahihi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arusha kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Joto likiwa dogo, maji yananuka. Likiwa kubwa mno, mkaa unapoteza nguvu. Mifupa tunayo. Anayejua joto sahihi, na anayejua kupima maji kabla na baada, ndiye tunayemhitaji. Mtu huyo hatatoka kwenye kemia ya kukariri.

Na mwisho chukueni dhahabu. Kutoka Sekenke, iliyochimbwa tangu enzi ya Wajerumani, hadi Londoni kule Manyoni, vijana wetu wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma. Zebaki hugeuka mvuke usioonekana, unaoingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo. Wengine huchomea jikoni, watoto wakiwa wamekaa hapo hapo. Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki kwa machozi katika mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti ukapewa jina la mji huo mwaka 2013, na nchi yetu ni mwanachama. Lakini mkataba hausomwi shimoni. Kijana aliyewahi kuonyeshwa maabarani kwamba kitu kinaweza kugeuka mvuke na kurudi kuwa kimiminika ataelewa kwa nini chombo cha kunasia mvuke wa zebaki kina maana. Ambaye hajawahi atadhani anaogopeshwa.

Tulipokosea

Sasa tuje kwenye kazi yetu ya hesabu, na hapa tutajisema wenyewe.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara: fizikia, kemia na biolojia. Wote tunakumbuka michango ya 2014. Kijijini watu walitoa fedha, kuku, mchanga, mawe na nguvu zao. Sisi wa mjini tulipitisha bakuli katika ukumbi kama huu. Tulituma saruji na bati, tukapigwa picha, tukaandika katika taarifa ya mwaka: maabara imekamilika.

Ndugu zetu, haikuwa imekamilika. Kilichokamilika ni jengo. Mwaka jana tulipokwenda nyumbani kwa mapumziko tuliomba kufunguliwa chumba cha kemia. Meza za zege zipo. Masinki yapo, hayana maji. Kabati lina chupa sita: mbili tupu, moja haina lebo, na nyingine imegeuka rangi kwa sababu ni naitreti ya fedha iliyowekwa kwenye chupa nyeupe dirishani, wakati kemikali hiyo huharibiwa na mwanga. Bureti zilikuwa nne, moja imevunjika bomba. Mwalimu wa kemia, kijana mwenye bidii, alituambia bila kulalamika kwamba majaribio hufanyika zaidi karibu na mtihani, na kwamba kwa sehemu kubwa yeye hufanya mbele na wanafunzi hutazama. Yaani ni kama zile nyakati kabla ya Liebig.

Kosa lilikuwa wapi? Kila anayesikiliza bajeti ya Serikali anajua mafungu mawili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga ni maendeleo. Dawa, maji, gesi, mshahara na matengenezo ni matumizi ya kawaida. Sisi tulichangia fungu la kwanza tukasahau la pili. Hospitali isiyo na dawa tunaiita jengo. Maabara isiyo na kemikali nayo tuiite hivyo hivyo. Na tuliokosea hatukuwa watu wasiojua. Tulikuwa wahasibu. Kazi yetu ya kila siku ni kutofautisha mafungu hayo, na tuliyachanganya kwa sababu jengo linapigwa picha na chupa ya soda haipigwi.

Hesabu yenyewe

Watu wengi hudhani kemikali ni ghali kupita kiasi, ndiyo maana wanaona afadhali matofali. Tumekaa na mwalimu tukapiga hesabu, na tunaomba mtufuatilie.

Chukueni kidato cha nne chenye wanafunzi 80, na kila mmoja afanye titresheni yake mwenyewe, si kutazama. Mwanafunzi hurudia mara nne: moja ya majaribio na tatu za kweli. Kila mara anatumia sentimita za ujazo 25 za besi, na asidi inayokaribia kiasi hicho. Hizo ni 100. Tuongeze za kusuuzia vyombo, tuseme 150. Wanafunzi 80 watatumia lita 12 za besi na lita 12 za asidi.

Soda kali inayotengeneza lita moja ya myeyusho wa moli 0.1 ni gramu 4. Lita 12 ni gramu 48. Chupa ya kawaida ya gramu 500 inatosha mazoezi kumi ya darasa zima. Asidi ya haidrokloriki iliyo kali ina takriban moli 12 kwa lita, kwa hiyo lita 12 za moli 0.1 zinahitaji sentimita za ujazo 100 tu, kama nusu kikombe cha chai. Chupa ya lita mbili na nusu inatosha mazoezi 25. Zoezi moja kila wiki mbili za masomo, na chupa hiyo inavuka mwaka.

Kwa hiyo kemikali za titresheni si mzigo. Mzigo ni vitu vitatu. Cha kwanza ni vyombo vya kioo, maana vinavunjika na ni lazima vivunjike mahali watoto wanapojifunza. Tukiwagawa wanafunzi makundi manne ya 20, bureti 20 na pipeti 20 zinatosha, pamoja na akiba ya zitakazovunjika. Cha pili ni maji safi. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na wanaojua maji ya Singidani na Kindai wanatuelewa. Ukiyatumia kutafuta kloridi kwa naitreti ya fedha, utapata mashapo meupe hata pale ambapo sampuli haina kloridi, kwa sababu kloridi imetoka kwenye maji yenyewe. Mtoto ataandika jibu lisilo sahihi akiwa amefanya kila kitu sawasawa. Maabara inahitaji kichujio cha kutonesha maji, na tangi la kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kuoshea. Cha tatu ni mtu. Fundi sanifu wa maabara ndiye anayeandaa myeyusho, anayeweka lebo, anayefungia asidi kwenye rafu ya chini na kuhakikisha kila mtoto anajua kwamba asidi hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye asidi kali. Bila mtu huyo mwalimu atafundisha vipindi vyote na kuosha vyombo usiku, na baada ya mwaka mmoja atachoka.

Tunachoomba

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi matofali. Kadi ya ahadi mliyokuta mezani ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mchango wa mara moja, kwa ajili ya vyombo vya kioo, tangi na kichujio. Ya pili ndiyo tunayoitilia mkazo: ahadi ya kila mwaka, hata kama ni ndogo, kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo itakayonunua kemikali, gesi na posho ya fundi sanifu hadi Serikali itakapompanga. Tunawaomba msiahidi kikubwa mwaka huu kisha mkapotea. Heri kidogo kinachorudi.

Kwa upande wetu tunaahidi mambo matatu. Fedha za maabara zitakaa kwenye akaunti yake peke yake, hazitachanganywa na rambirambi wala usafiri wa viongozi. Shuleni kutakuwa na leja ya maabara, chupa kwa chupa na bureti kwa bureti, na nakala yake itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule na kusomwa hapa kila mwaka. Na tutahesabu jambo moja ambalo wahasibu hatujawahi kulihesabu katika chama hiki: ni mara ngapi kila mwanafunzi ameshika bureti mwenyewe. Siyo madarasa mangapi yamejengwa. Mara ngapi mkono umegusa kioo. Namba hiyo ikiwa sifuri, mtupigie kelele.

Mtatuuliza: nao wahasibu je, hamtaki watoto wawafuate? Tunataka. Mtoto akipenda uhasibu, mlango upo wazi na sisi tutampokea. Lakini tunataka auchague akiwa ameshika bureti, akaisoma sawasawa, kisha akaamua mwenyewe kwamba anapenda zaidi leja. Asije akaikimbia kemia kama tulivyoikimbia sisi, kwa aibu ya siku moja ambayo ingezuilika kwa chupa ya soda na mrija wa kioo.

Chaki tuliyofundishiwa kemia hutengenezwa kwa jasi, na jasi inachimbwa kwetu Itigi. Tumekuwa tukisoma kemia kwa kuandika na kemia ilhali kemia yenyewe hatujaishika. Mwaka huu tuishike.

Kadi ziko mezani, kalamu zinapita. Chakula kipo tayari, nasi tumemaliza.